Mhuri Kabla ya Jembe

Jumatatu, 9 Juni 1969

Ukungu tangu alfajiri. Baridi ya kuuma masikio. Lakini mimi, Sefania, katibu wa muda wa shamba la ujamaa, nilifika shambani kabla ya wote, mhuri wangu mfukoni. Kwa habari ya mhuri sichelewi.

Mambo yako hivi. Siku ya Sabasaba anakuja mgeni kutoka wilayani kukagua shamba letu la viazi. Matuta yawe yamekwisha, mbegu iwe ardhini. Siku hiyohiyo Mwenyekiti, Mzee Bartholomeo, atatangaza nani awe katibu kamili. Katibu kamili anapelekwa kozi Dar es Salaam, anapewa meza yenye droo, na mhuri unakuwa wake moja kwa moja. Wanaotajwa ni wawili: mimi, na Fanueli mpiga tarumbeta wa kanisani. Fanueli! Mtu ambaye kazi yake ni kujaza mashavu upepo.

Shida ni foleni. Kila mwanachama ana kadi yenye miraba, mraba mmoja kwa siku moja. Akimaliza kulima namgongea mhuri. Asiye na mihuri ya kutosha hapati mgawo wakati wa mavuno. Sasa watu wamekuwa wajanja. Saa nne wanaanza kuutazama mfuko wangu. Saa tano wanatupa majembe na kupanga mstari ili kila mmoja awe wa mbele. Leo tumelima tuta moja na nusu, na foleni imefika mpaka mtoni. Jirani yangu Abdallah hakushika jembe kabisa. Alikuja moja kwa moja kwenye foleni. Nilipomuuliza, alisema amewahi.

Nyumbani nako si shwari. Mbegu ya kijiji imewekwa chumbani kwangu, chini ya kitanda, pembeni na mlangoni. Imetoka Mgwashi kwa mjomba wa mke wangu Yunis, aliyetupa kwa kuliamini neno la Yunis tu. Viazi vimeanza kuchipua. Yunis amesema vikioza hatakanyaga Mgwashi tena maisha yake yote, maana atamtazamaje mjomba usoni. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mume wake ni mtu wa mipango. Aliondoa viazi vitatu kwenye mto wangu.

Jumatano, 11 Juni

Nimemzidi Fanueli kete!

Sote wawili tunakusanya stempu. Mimi nilianza, yeye akaniiga. Sasa kwenye duka la vitabu la misheni hufika magazeti ya kanisa kutoka Amerika, na Fanueli, kwa vile ni mtu wa kujipendekeza, hupewa makaratasi yaliyofungia magazeti hayo, pamoja na stempu zake. Leo alinionyesha bahasha iliyojaa stempu za huko. Nilipoziona nikatokwa na mate. Hazina mhuri wa duara! Hazina tarehe! Kila moja ina mistari miwili myeusi iliyonyooka, mmoja juu na mmoja chini, na katikati jina la mji. Nyingi zimeandikwa Minneapolis.

Fanueli, maskini, alisema pengine zimechafuliwa wino kiwandani. Mimi nilijua papo hapo. Mistari miwili iliyolala sambamba ni kitu gani? Ni reli! Na jina lililo katikati? Stesheni! Mtu yeyote aliyewahi kushuka mlima mpaka Mombo ameviona kwa macho yake, vyuma viwili na ubao wenye jina. Hizi ni stempu zilizopanda treni. Aina adimu kabisa, nina hakika.

Nilificha furaha. Nilipiga miayo. Nikasema kwa ajili ya undugu naweza kumwondolea uchafu huo, na badala yake nimpe seti yangu nzima ya samaki, zile stempu zetu za Tanzania, kuanzia samaki mdogo hadi yule wa bei kubwa. Alikubali upesi mno. Hata hakuzikagua. Aliondoka anapiga mluzi, nami nikacheka mpaka nyumbani.

Nilimweleza Yunis. Aliuliza treni hiyo ilipita juu ya stempu kwa sababu gani. Mke wangu ni mwema sana lakini mambo ya ukusanyaji hayamwingii.

Jumapili, 15 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Ilikuwa baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka. Kabichi zimeshanunuliwa, mayai yameshanunuliwa, jogoo mmoja ameponyoka na kurudi kanisani. Watu wengi, wamechangamka. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuwaonyesha katibu halisi anavyokuwa. Nikapanda juu ya kreti tupu, nikainua stempu, nikawaeleza habari za reli ya Amerika stesheni kwa stesheni. Niliongeza chumvi kidogo. Nilisema Minneapolis ndiyo Mombo yao, hapo ndipo wanaposhukia watu wa milimani. Watu walinisogelea wanisikilize. Mzee Bartholomeo alivua kofia.

Ndipo Bertha akacheka.

Bertha ni msimamizi wa duka la vitabu. Aliwahi kukaa Amerika mwaka mmoja kwenye chuo cha Biblia, na tangu arudi hajanywa kikombe cha chai bila kuitaja. Akasema mbele ya wote kwamba huko aliwekwa ofisi ya gazeti la kanisa, na kazi yake ilikuwa kubandika stempu hizihizi, maelfu kwa maelfu, mpaka ulimi ukakauka. Reli hakuna. Hizo ni stempu zilizogongwa mhuri kabla ya kutumika. Anayetuma barua nyingi kwa mpigo hununua karatasi nzima ikiwa imekwisha kugongwa mtamboni. Jina ni la mji barua zinakotoka. Mistari ni ya kuzifuta ili mtu asizitumie mara ya pili. Basi, barua zikifika posta hakuna wa kukaa akigonga moja moja. Hakuna kungoja. Zinapita tu. Akaongeza kwamba lazima uwe na kibali, na wanaopewa ni wale wanaoaminika, na barua zenyewe hukaguliwa katika posta ya mji uleule, lakini hapo nilikuwa sisikii tena. Masikio yalikuwa yanawaka. Mwisho akasema hizo ni stempu za kawaida kuliko zote na huko hutupwa kwa magunia.

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Fanueli alisimama nyuma na tarumbeta yake, mfuko wa shati umejaa samaki wangu. Akapuliza sauti moja. Moja tu, ndefu, inayoshuka.

Nimeaibika! Yunis alinishika mkono njia nzima, na hilo limeniuma kuliko vicheko vyote.

Lakini nilipofika mlangoni nilisimama ghafla. Kugonga kabla. Hakuna kungoja!

Jumatatu, 16 Juni

Watu wakubwa wote duniani walichekwa kwanza.

Mapema nilikwenda kwa Mzee Bartholomeo. Nikamwamkia shikamoo nikiinama kuliko kawaida. Nikamweleza kwamba tatizo letu si kilimo, ni foleni. Foleni ikiondoka, watu watalima mpaka giza. Na foleni itaondoka tukizigonga kadi zote sasa hivi, miraba yote mpaka Sabasaba, kama wafanyavyo Amerika. Mzee alifikiri sana. Aliuliza, mhuri ukishatangulia, jembe litakuja kufanya nini. Nilimjibu kwamba huo ni utaratibu wa kisasa. Aliuliza tena. Nikajibu vilevile kwa sauti kubwa zaidi. Mwishowe alikubali, kwa kuwa kusimama kwenye foleni kunamuumiza magoti.

Nimeshinda nikigonga. Kila mraba mhuri. Kisha kwa rula mistari miwili, juu na chini, na katikati jina la kijiji. Kazi safi! Wino ulipokwisha nikaongezea chai ya rangi. Bertha angeziona angefunga mdomo.

Jioni nikagawa kadi. Vigelegele! Sijawahi kupigiwa vigelegele maishani, hata harusini vilikuwa vya Yunis. Abdallah alinikumbatia. Zuhura, ambaye mkutanoni hupinga hata dua ya kufungua, alisema hii ndiyo siasa aliyokuwa akiingoja. Fanueli alisimama pembeni, amenywea. Ukatibu ni wangu.

Alhamisi, 19 Juni

Hakuna foleni. Mpango umefaulu kwa asilimia mia.

Hakuna watu pia. Nimechunguza sababu. Juzi ukungu ulizidi. Jana tulimzika Mzee Tobia, Mungu amrehemu. Leo ni gulio. Kesho watakuja.

Aliyefika shambani leo ni Zuhura peke yake. Nilifurahi nikamkimbilia. Kumbe kadi yake imeliwa na mbuzi, alitaka nyingine. Nikamtengenezea palepale, mihuri yote. Akaondoka. Abdallah naye alipita barabarani amevaa kanzu safi, akaniomba nimgongee na ya mwaka ujao kabisa, maana ana harusi nyingi.

Tuta moja na nusu bado ni tuta moja na nusu.

Jumatatu, 23 Juni

Nimepita nyumba kwa nyumba. Naandika majibu kama nilivyopewa, ili vizazi vijavyo vihukumu.

Abdallah alitoa kadi yake. Mraba wa leo una mhuri. Kwa hiyo, alisema, leo amelima. Akienda kulima tena atakuwa amelima mara mbili kwa mhuri mmoja, na kumlimisha mtu mara mbili ni unyonyaji, na unyonyaji umekatazwa na Azimio. Akaniuliza kwa upole kama mimi ni bepari. Alinikaribisha uji.

Zuhura alisema mhuri ni sauti ya serikali. Kama serikali imeshuhudia kwamba tarehe ishirini na tatu alilima, yeye ni nani aibishie?

Mzee Paskali wa bondeni ndiye aliyenimaliza. Alikumbusha kwamba Mwingereza alipotaka kuwachimbisha matuta kwa nguvu, waligombana naye mpaka akachoka yeye. Leo tuna Uhuru, akasema, na matuta yanajichimba yenyewe kwenye karatasi. Alinishika mikono yote miwili. Alinishukuru kwa machozi. Alisema sasa ameamini kwamba nchi imepiga hatua.

Nimerudi nimechoka. Viazi vinapanda ukutani. Chipukizi moja limeingia ndani ya kiatu changu cha kanisani. Yunis nimemkuta amekaa kitandani na kiazi mkononi, anakibonyeza kwa kidole gumba. Kimelainika. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mjomba alivibeba mwenyewe kichwani mpaka barabarani, kwa miguu yake ile mibovu, gunia baada ya gunia. Sikupenda kuiona sura yake ilivyokuwa. Nilimfariji. Nilimwambia kwenye kadi tuko mbele ya ratiba.

Akasema kwa Kishambaa neno ambalo siliandiki hapa.

Jumamosi, 28 Juni

Nimepata dawa! Nimeandika tangazo na kulibandika kwenye mkaratusi wa njia panda: kuanzia Jumatatu mihuri yote iliyogongwa kabla imefutwa, na kila mtu afike shambani na jembe. Chini yake nikagonga mhuri kuthibitisha.

Fanueli akaja kulisoma kwa sauti mbele za watu. Alisoma vizuri, siwezi kukana. Kisha akauliza kitu kimoja. Kama mhuri wa kwenye kadi haufai, huu wa kwenye tangazo unafaaje, na ni mhuri uleule? Watu wakaanza kupiga hesabu. Kama mhuri ni halali, wamelima. Kama ni batili, tangazo ni batili, kwa hiyo kadi zinabaki, kwa hiyo wamelima. Wakatawanyika wameridhika. Mpuliza tarumbeta amejifunza wapi mambo haya?

Nililibandua tangazo. Bertha alikuwa anapita na kapu lake, akafungua mdomo kunieleza wanavyofanya Amerika. Nilishika njia ya mkato.

Alhamisi, 3 Julai

Fitina! Uasi! Tena ndani ya nyumba yangu!

Nimeamka kitanda kimeshuka. Viazi hakuna. Yunis hayupo. Chungu kikubwa cha makande hakipo.

Nilikimbia shambani. Ukungu ulikuwa mzito, nikasikia tarumbeta kabla sijaona kitu. Kisha nikawaona. Kijiji kizima! Kumbe jana Yunis alizunguka nyumba kwa nyumba bila kadi na bila mhuri. Hakutaja ujamaa. Hakutaja Sabasaba. Aliwaambia ana mbegu ya mjomba wake inaoza, anawaomba waje wamlimie, na makande yatakuwepo. Basi. Na kwetu huku jirani akikuita kumlimia huendi kutafuta sababu, maana kesho wewe ndiye utakayeita, na asiyeitikia hulima peke yake mpaka azikwe, na hata kuzikwa watu huchelewa kuja. Kwa hiyo walikuja wote. Abdallah alikuja na majembe mawili. Zuhura aliongoza mstari. Mzee Paskali anachimba matuta! Kwa hiari! Fanueli alipuliza, na mstari mzima ukapanda mteremko kwa mapigo yake, majembe juu, majembe chini, na nyuma yao wanawake wakiweka mbegu.

Nilisimama nikitazama udongo mweusi ukigeuka. Nikapenga kamasi. Baridi, nadhani.

Halafu nikakumbuka wajibu. Kazi yote hii itaandikwa wapi? Nikatoa mhuri, nikaomba kadi. Miraba yote imejaa! Hakuna hata pa kuweka kidole. Nikawatangazia kwamba kwa mujibu wa taratibu kazi ya leo haina mahali pa kuingia, kwa hiyo haijafanyika, na ingefaa wasimame kwanza tulitafakari jambo hili. Hakuna aliyesimama. Abdallah alinipa lile jembe la pili. Nikasema mgongo unanisumbua. Yunis akanitazama. Nikalima kidogo.

Makande yalikuwa matamu.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Mgeni amefika, viatu vimejaa tope. Alilitazama shamba lote, matuta yamenyooka mpaka juu. Akasema hajaona shamba la namna hii tangu atoke Lushoto. Nikasogea mbele. Akaomba kadi aone mahudhurio. Nikampa kwa mikono miwili.

Alizisoma polepole. Kila mtu, kila siku, hakuna aliyekosa. Ikafika kadi ya Mzee Tobia. Mahudhurio kamili mpaka leo asubuhi! Mgeni alifurahi sana. Akasema mzee kama huyo, asiyekosa hata siku moja, ni mfano kwa vijana wa taifa hili, na angependa kumpa mkono. Watu wote wakatazama chini. Hatimaye Mzee Bartholomeo akasema Mzee Tobia anapumzika. Mgeni akasema anastahili.

Kisha akauliza ni nani aliyewatoa watu kwenda shambani. Nilikohoa. Nikanyoosha kola. Lakini mikono yote ilielekea kwingine. Haikuelekea hata kwa Fanueli. Ilielekea kwa Yunis, aliyekuwa amechuchumaa akipuliza moto wa chai ya mgeni. Mzee Bartholomeo, bila kunitazama, akatangaza hapohapo. Katibu kamili wa kijiji ni Yunis. Kozi yake. Meza yake. Droo yake. Mhuri wake.

Fanueli akapuliza tarumbeta kana kwamba ameshinda yeye. Yunis alifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Baadaye alilia kweli, pale mjomba wake alipotokea katikati ya watu, amekuja kutoka Mgwashi kuona viazi vyake vimelala wapi. Nilitaka kumfikia nisimame naye, lakini kati yetu palikuwa na watu wengi waliokuwa wakimpa mkono.

Jumatano, 9 Julai

Sina kinyongo. Kila kiongozi hung'atuka siku moja.

Ila nyumbani kumepoa. Yunis aliniambia jambo moja tu, juzi jioni baada ya wageni kuondoka. Alisema hakuudhika kwa stempu, wala kwa foleni, wala kwa chai yake niliyoifanya wino. Ameudhika kwamba tangu siku ile kiazi kilipolainika mkononi mwake, mpaka leo, sijamwambia samahani. Hata mara moja. Alisema kisha akaendelea kukunja nguo.

Neno hilo liliniingia. Nilikaa nalo jana asubuhi yote, na nilipolipima niliona ana haki. Yunis anastahili kuombwa samahani, tena si moja. Na mimi, nikiisha kuona kosa, sipotezi muda.

Kwa hiyo jana, kabla ya kumkabidhi mhuri, niliutumia kwa mara ya mwisho. Nimechukua kadi mpya, kubwa, miraba mpaka Krismasi. Ndani ya kila mraba nimeandika Samahani kwa mwandiko mzuri, mstari juu, mstari chini, na mhuri. Asubuhi hii nimempa kwa mikono miwili. Nimemweleza kwamba hana haja tena ya kukaa akingoja nimwombe moja moja. Ameshaombwa zote. Aliitazama kadi kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi, akaitia kwenye kapu, akaenda kazini. Furaha imemzidi, nimeona mwenyewe.

Ameniachia jembe mlangoni, na maagizo nichimbe mfereji wa maji kabla hajarudi. Ukungu ni mwingi. Mgongo si mzuri. Lakini samahani ya leo imeshagongwa, na ya kesho pia. Narudi kulala.